Kabla Hujataja Rapa Mkubwa wa Enzi, Taja Miaka

Ubishi wa nani alikuwa rapa mkubwa wa enzi fulani huvurugika mapema kwa sababu wabishi wanajibu maswali mawili tofauti. Mmoja anatafuta aliyechana vizuri zaidi, mwenzake anatafuta aliyetawala. Rapa wa Marekani, Nas, alitoa albamu ya Illmatic Aprili 1994, na kwangu hakuna albamu ya mwaka ule inayoifikia kwa uandishi. Lakini ilipata platinamu, yaani nakala milioni moja, mwaka 2001. Ubora unaweza kugunduliwa baadaye. Ukubwa wa enzi lazima uonekane watu wakiwa bado ndani ya enzi yenyewe, na huo ndio ninaouwaza leo.

Kitu cha kwanza ni mipaka. Muongo wa kalenda haufai, maana muziki haugeuki kwa sababu mwaka 2000 umeingia. Mimi hukata pale njia ya kupata muziki, au ya kuuhesabu, inapobadilika. Kabla ya Mei 1991, chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilitegemea taarifa zilizotolewa na wenye maduka. Baada ya hapo ikaanza kutumia mauzo yaliyosomwa kwenye kaunta. Mwezi uliofuata kundi la rap la N.W.A walikuwa namba moja. Kwa hiyo anayelinganisha nafasi za chati za 1988 na za 1998 analinganisha mizani mbili tofauti.

Kitu cha pili ni hesabu, na hapa ndipo penye utamu. Eminem aliuza takriban nakala milioni 1.76 za The Marshall Mathers LP wiki ya kwanza, mwaka 2000. Lil Wayne aliuza zaidi kidogo ya milioni 1 za Tha Carter III, Juni 2008. Ukiishia hapo, Eminem amemwacha Wayne mbali sana. Sasa gawanya kwa soko. Marekani mwaka 2000 ziliuzwa albamu karibu milioni 785. Mwaka 2008 takriban milioni 428. Wiki ile moja ya Eminem ni kama albamu moja katika kila 446 zilizouzwa mwaka mzima. Ya Wayne ni moja katika kila 426 hivi. Wako bega kwa bega, na Wayne yuko mbele kidogo, wakati ambapo shabiki angeweza kununua wimbo wake “Lollipop” peke yake kwenye duka la mtandaoni la iTunes na kuiacha albamu. Hesabu hii ya dakika mbili hubadilisha mjadala mzima, nami nashangaa watu wanavyoiruka.

Kuna mitego mingine kwenye namba. Chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, RIAA, kilipokuwa kikitunuku platinamu za CD kilitazama nakala zilizopelekwa madukani, na albamu ya diski mbili kikaihesabu mara mbili. All Eyez on Me ya Tupac na Life After Death ya Notorious B.I.G. zote ni za diski mbili, kwa hiyo ukisikia milioni 10 fahamu ni seti milioni 5. Bado ni mauzo makubwa mno, lakini usiyaweke sambamba na milioni 10 za MC Hammer za 1990, ambazo zilikuwa za diski moja. Tangu Desemba 2014 Billboard inahesabu pia usikilizaji wa mtandaoni. Kwa kanuni za 2018, nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,250 na wasikilizaji wanaolipia, zilihesabiwa kuwa albamu moja. Albamu ya nyimbo 25, kama Scorpion ya Drake, ilifikisha hapo ikisikilizwa yote mara 50. Ya nyimbo 10 ilihitaji mara 125. Urefu wenyewe unaongeza namba.

Lakini namba peke yake hazimpi mtu kiti. Nikitoka kwenye hesabu natazama wenzake walilazimika kufanya nini kwa sababu yake. Hapo 50 Cent wa 2003 hadi 2005 anatisha. Get Rich or Die Tryin’ iliuza nakala 872,000 kwa siku 4 tu, ikamaliza 2003 ikiwa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani, na “In Da Club” ikakaa namba moja wiki 9. Kisha akafungua mlango kwa kundi lake: albamu ya G-Unit mwishoni mwa 2003, Lloyd Banks na Young Buck 2004, The Game Januari 2005. Rapa mwingine akitaka kutoa albamu miaka ile, ilimpasa aangalie kwanza kalenda ya kambi hiyo.

Wengi husema kiti kilihama Septemba 11, 2007, Kanye West na 50 Cent walipotoa albamu siku moja. Graduation iliuza 957,000, Curtis 691,000. Sikubaliani kwamba siku ile ilimfanya Kanye kuwa mkubwa wa wakati huo. Ilionyesha tu kwamba 50 hakuwa mkubwa tena. Aliyekuwa ameshakikalia ni Wayne, na hakukipata kwa albamu. Alimwaga miksitepu, yaani mikusanyo ya nyimbo isiyo albamu rasmi, za bure, Dedication 2 mwaka 2006 na Da Drought 3 mwaka 2007, akichana juu ya biti za watu wengine, huku akialikwa kwenye nyimbo za watu kila kona. Kipimo cha kolabo ni rahisi: ondoa sauti ya mgeni, uone kinachobaki. Ondoa kiitikio cha Wayne kwenye “Duffle Bag Boy” ya Playaz Circle, na wimbo hausimami. Rapa mkubwa huhitajiwa hivyo, halafu wanaomhitaji wakiwa wengi kwa wakati mmoja, jina linajitaja.

Drake na Nicki Minaj walitoka mikononi mwake, na mashabiki wake hupenda kulitumia hilo kama ushahidi. Mimi siliweki kwenye mizani ya 2008. Ni urithi, nao unahesabiwa kwenye enzi iliyofuata.

Ukileta mjadala huu Bongo, hesabu za soko hazisaidii. Kaseti zilirudufiwa ovyo na hakukuwa na mashine ya kaunta. Kinachobaki ni kuhitajiwa na kukaririwa. Watu hutaja ubunge wa rapa Sugu, Mbeya Mjini 2010, na wa rapa mwenzake Professor Jay, Mikumi 2015, kama ushahidi wa ukubwa wao kwenye rap. Kura zile zilithibitisha jina lililojengwa zamani. Hazisemi nani alitawala mwaka gani. Kwa Sugu rudi kwenye miaka ya 1990, alipokuwa akiitwa Mr. II na kutoa albamu nzima kwa Kiswahili wakati wengi walikuwa bado wanachana Kiingereza. Kwa Jay rudi 2001, “Ndio Mzee” ilipompa kila mtu namna ya kumcheka mgombea anayeahidi yasiyowezekana. Mwaka ule mimi nampa yeye, na anayemtaka rapa Juma Nature anionyeshe ni kuanzia mwaka upi.