Bloku ya Volkswagen kobe haipelekwi kwa mchomeleaji yeyote tu

Ukija Ujerumani unaambiwa mapema kwamba huku hakuna kutengeneza: kitu kimekufa, toa, funga kipya. Kwa magari ya leo ni kweli. Ila gereji ninayofanyia kazi, nje kidogo ya Hannover, ni ya magari ya zamani, na humo nimekuta watu wabishi kuliko mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Gari likifikisha miaka 30 na bado liko katika hali yake ya asili, linaweza kupewa namba inayoishia na herufi H. Kodi yake ya mwaka inakuwa euro 191 na senti kadhaa, hata injini iwe kubwa vipi. Hapo mwenye gari huanza kulinda kila nati kama mahari ya binti yake.

Sasa hivi mezani ipo bloku ya injini ya Volkswagen kobe ya 1968. Mwenyewe ni bibi mstaafu aliyeirithi kwa baba yake. Injini ilikuwa inavujisha kompresheni upande wa kushoto. Tulipoishusha na kulegeza hedi, stadi mbili, zile bolti ndefu zinazoshika hedi kwenye bloku, zilitoka zenyewe, uzi wa bloku umejiviringisha juu yake.

Kwa nini bibi asinunue bloku nyingine? Jibu liko chini ya jenereta, pale namba ya injini ilipogongwa kwenye bloku yenyewe. Ukibadilisha bloku, namba haifanani tena na ile gari lilitoka nayo kiwandani, na kwa soko la huku bei inashuka papo hapo.

Bloku hizi si alumini. Ni aloi ya magnesiamu, nyepesi kuliko alumini kwa karibu theluthi moja. Kobe moja ilibeba takriban kilo 20 za madini hayo, ukihesabu na gia boksi. Injini ikipata moto, bloku inatanuka zaidi ya mara mbili ya chuma cha stadi, na hedi za alumini nazo haziko mbali. Stadi za milimita 10 ni nene, hazivutiki, kwa hiyo kinachoachia ni uzi. Kiwanda chenyewe baadaye kiliweka stadi nyembamba za milimita 8, zinazovutika kidogo, pamoja na bushi za chuma ndani ya bloku. Nasi tunafuata njia hiyo: tunapanua tundu, tunakata uzi mpya, tunafunga bushi yenye uzi ndani na nje. Zote 16, si mbili zilizong'oka tu, maana zilizobaki ziko njiani. Hedi zinakazwa kwa nyutoni-mita (Nm) 25 basi. Aliyezoea kukaza mpaka spana ilie hapa hafai.

Kando ya keekee kuna ndoo ya mchanga mkavu. Bloku nzima haishiki moto kirahisi, ila vumbi na vipande vyembamba vinavyotoka kwenye keekee vinawaka, na ukimwaga maji ndiyo umechochea, kwa sababu magnesiamu inayowaka inavunja maji na kutoa haidrojeni. Kijana anayejifunza kazi alikuja na chupa yake ya maji akaiweka juu ya meza. Mzee mwenye gereji hakusema neno, aliichukua akaipeleka ofisini.

Ufa ndio shughuli. Tulipaka dawa nyekundu, tukafuta, tukapulizia unga mweupe, tukasubiri. Ukajitokeza mstari mwembamba mwekundu nyuma ya silinda ya 3, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mahali penyewe panajulikana. Kwenye injini za wakati ule kipoza oili kilikaa ndani ya boksi la feni, hivyo silinda ya 3 ilipata hewa iliyokwisha pashwa moto. Kilihamishwa kwenye modeli za 1971.

Mzee akaniuliza, "Wewe ungefanyaje?" Nikamwambia, isingekuwa namba, ningeitupa. Ufa wa pale hata ukichomelewa vizuri hauaminiki sana. Tutaioka kwanza ili oili iliyojificha ndani itoke, tutoboe kitundu kwenye kila ncha ya ufa usiendelee, kisha tuchomelee kwa TIG, yaani kwa umeme chini ya gesi ya agoni, na fito za magnesiamu, na kuiacha ipoe polepole. Joto hilo linaweza kupinda bloku, kwa hiyo kitako cha beringi za krenki, chenye milimita 65, kitapimwa upya na pengine kuchongwa mpaka 65.5 na kufungwa beringi za oversaizi. Bibi amepewa bei. Amekubali bila hata kukaa chini.

Kwa walioko nyumbani: kobe zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na bado zipo zilizolala mabandani Kenya na Tanzania. Ukitaka kufufua yako, kwaruza bloku mahali pasipo na rangi, dondoshea siki. Ikitoa povu hapo hapo, ni magnesiamu. Ikinyamaza, huenda mtu alishabadilisha akaweka ya alumini. Ikitoa povu, fundi mwenye mtungi wa gesi na fito za alumini usimpe, hata aape kwa mama yake.