Rimu za Benz kwenye Kombi ya mwaka 1973

Kila ninaposimama kujaza mafuta kuna mtu huja kuchungulia magurudumu na kuuliza: hizo inchi 15 ziliingiaje kwenye Kombi, na je, 17 haziwezi kukaa? Naandika jibu refu kwa sababu Kombi zinazotembea hapa Moshi zimebaki chache, na ningeumia kuona hata moja ikiharibiwa kwa ajili ya urembo.

Yangu ni Volkswagen ya mwaka 1973, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, nguvu za farasi 50 tu. Mzee aliinunua ikiwa imeshafanya kazi misheni, akaitumia kushusha ndizi kutoka Kibosho, na mimi naendelea na kazi hiyohiyo. Kwa hiyo sikutafuta rimu za kupigia picha. Nilitafuta nafasi chini ya giaboksi, maana masika yakikolea, malori yanachimba barabara zetu za juu mpaka katikati panabaki tuta, na Kombi inalilalia kwa tumbo. Zile za zamani, za kabla ya 1967, zilikuwa na gia ndogo kwenye kila gurudumu la nyuma zilizoinua ekseli kutoka chini. Toleo lililofuata lilipewa ekseli tulivu zaidi kwenye kona, lakini gia zile zikaondolewa, na sehemu ya kimo ikaenda nazo.

Anayetaka kuanza na rimu mimi humrudisha kwenye tairi. Kombi ilitoka kiwandani na 185R14C, yaani upana wa milimita 185 kwa rimu ya inchi 14. Hiyo herufi C ndiyo roho ya gari: ni tairi la kubebea mzigo, kuta zake ni ngumu, na namba 102 pembeni maana yake kila tairi hubeba kilo 850. Ukienda dukani ukasema "one eighty five, fotini", unaweza kupewa 185/70R14 ya saluni yenye namba 88, yaani kilo 560. Inaingia kwenye rimu vizuri na inapendeza. Sasa fikiria ekseli ya nyuma ya Kombi: injini iko huko, giaboksi iko huko, na mikungu umeipanga juu yake. Matairi mawili ya kilo 560 hayatoshi. Ukuta wake unajikunja, gari linaogelea, na ukifika tambarare ya Same ambako upepo wa ubavuni hauna huruma na magari marefu, utashika usukani kwa mikono miwili na sala. Na wanaopanda inchi 17 hujikuta hukohuko: ili kipenyo kisizidi, inabidi wavae tairi la ukuta mfupi, na mengi ya saizi hizo ni ya magari madogo. Soma namba kabla ya kutoa hela.

Rimu nilizochagua ni za alumini za Benz 190, zile za matundu manane, inchi 15 kwa upana wa 6. Kombi za kuanzia Agosti 1970 zina matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 112, na Benz 190 ni vivyo hivyo. Zilizotangulia zina duara la 205, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kupima. Kufanana kwa duara hakumalizi kazi, ingawa wauzaji wa mitumba watakuapia kwamba kumemaliza. Kombi inafungwa kwa nyuzi za milimita 14, Benz 190 ni 12, hivyo matundu ya boliti kwenye rimu hutanuliwa, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye mashine ya kukereza, si ya drili ya mkononi. Kalio la tundu, pale nati inapokaa, ni la mviringo. Ukifunga nati ambazo kichwa chake kimechongoka, zitagusa ukingo tu, na siku moja zitalegea ukiwa barabarani.

Halafu geuza rimu uangalie mgongoni. Yangu imeandikwa ET49, ya kiwandani ni ET39; ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu. Tofauti hiyo ya milimita 10 inavuta gurudumu ndani kuelekea mikono ya saspensheni. Fundi wangu alikereza spesa, yaani visahani vya kukaa kati ya rimu na habu, za milimita 10 za chuma kizima, zenye tundu la katikati linalokaa sawasawa kwenye habu, na gurudumu likarudi pale Wajerumani walipolipanga. Boliti nazo lazima zirefuke kwa kiasi kilekile. Spesa bila boliti ndefu ni hatari tupu.

Nyuma nimevaa 195R15C, tairi la Haisi, linalopatikana hata vijijini. Kipenyo chake ni kama milimita 693 dhidi ya 652 za mwanzo, kwa hiyo giaboksi imepanda sentimita mbili. Ni sentimita mbili tu, nami nakubali ni kidogo, ila kwenye lile tuta la katikati zinatosha kuamua kama utapita au utaita vijana wa kusukuma. Mbele nimeweka 205/65R15C, saizi ya VW T4, yenye kipenyo cha karibu 648, kwa sababu mbele tairi kubwa linagusa bodi ukikata usukani wote. Kuna faida nyingine: waya wa spidomita wa Kombi unatoka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Mbele kukibaki na kipenyo cha kiwandani, mshale unasema kweli. Ningevaa 195 mbele, mshale ungesoma 80 huku nikienda 85.

Gharama yake iko injini. Gurudumu la nyuma likiongezeka asilimia sita, kila gia inakuwa ndefu kwa asilimia sita, na farasi ni walewale 50. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya tatu sasa nashuka ya pili mapema. Na hapo nawaomba mnaoendesha hizi injini mnisikilize: feni inazungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Ukiing'ang'anizia gia ya tatu injini ikikoroma kwa mzunguko mdogo, feni nayo inapunguza hewa wakati vichwa vya silinda vinawaka. Shusha gia, iache izunguke. "Mangi, hii haifi kwa kelele," fundi huniambia, "inafia kwenye kimya."

Tairi la akiba ni 195. Likivaliwa mbele kwa dharura nitaenda polepole bila kukata usukani wote. La 205 likivaliwa nyuma upande mmoja, difu itasaga muda wote kwa kuwa magurudumu yake hayalingani. Hilo la akiba haliingii tena mahali pake, kwa hiyo nalifunga kwa mkanda nyuma ya siti.

Na ukipata pancha nyuma, usiweke jeki chini ya ekseli. Bodi inafunika juu ya gurudumu, na tairi hili nene halitoki. Inua bodi yenyewe, gurudumu lining'inie hadi mwisho wake, toa upepo wote, ndipo ulivute kwa chini.