Ekzosi ya DX

Mwaka 2011 petroli hapa Kenya ilipita shilingi 100 kwa lita, na Mama akaanza kuuliza kila safari ina haja gani. Kazi yake ilikuwa upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote palipotakiwa sufuria kubwa la pilau, yeye ndiye aliyeitwa. Sisi tulikaa Likoni, Mombasa, na wateja wake wengi walikuwa ng'ambo ya maji, Mji wa Kale, Majengo, Kisauni, kwa hivyo feri ilikuwa sehemu ya kazi. Gari lilikuwa la marehemu Baba: Toyota Corolla DX ya 1982, ile KE70, injini ya 4K, cc 1290. Buti na kiti cha mbele tulijaza masufuria, miiko, magunia ya mchele na makaa. Mama alikaa nyuma, mkono juu ya kifuniko cha sufuria, kwa sababu pilau yake hamwachii mtu.

Ekzosi ya gari hilo ilikuwa imekwisha. Paipu ya kati ilikuwa na kiraka cha mkebe wa mafuta ya kupikia, uliozungushwa na kukazwa kwa waya. Mkia ulikuwa umekatwa mfupi, ukaishia chini ya buti badala ya kutokeza nyuma ya bampa. Sailensa ukiigonga kwa kidole ilimwaga unga wa kutu. Hewa ya Mombasa ina chumvi, na pale ferini maji yakijaa magurudumu hupita kwenye bahari yenyewe. Chuma cha chini ya gari hakipati kupumzika.

Nilikuwa na shilingi 6,500 na sikuwa na pa kuongezea. Kijana mmoja wa maskani yetu alinishauri nitoe sailensa kabisa, nitie paipu nene ya inchi mbili na nusu kutoka mbele mpaka nyuma. "Litavuta mpaka ushangae," aliniambia. Nami nilitaka sana livute. DX ikiwa na mzigo ilichoka upesi, na kuna mahali kuchoka hakuruhusiwi. Maji ya bamvua yakipwa, feri hukaa chini kabisa na ile njia ya kutokea hugeuka mlima. Unapanda kwa gia ya kwanza, nyuma yako lori, mbele yako mikokoteni na umma wa watu wanaotembea. Gari likizima hapo umekwisha.

Fundi niliyempata alikuwa mzee mwenye karakana chini ya mwarobaini, kule Magongo. Nilikuwa nimeelekezwa na dereva wa teksi ambaye gari lake lilikuwa kuukuu kuliko letu na lilikuwa kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari nimelisikia tangu likikata kona. Wataka nini?"

Nikamweleza habari ya inchi mbili na nusu. Hakunijibu. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia.

"Hapa nyuma hukaa nani?"

"Mama."

"Husema kichwa chamuuma?"

Nilishtuka, maana ndivyo ilivyokuwa. Kila tukikwama kwenye foleni ya feri Mama husema kichwa chamwanga, na mara nyingine kichefuchefu humjia. Tulilaumu jua. Tulilaumu kuamka usiku kuchambua mchele. Pale foleni kila gari latoa moshi, hata ukinusa hujui ni wa nani.

Chini ya zulia kizibo cha raba cha sakafu kilikuwa kimeoza, kikaacha tundu la kupitisha kidole gumba. Mzee akaloweka kitambaa, akaziba mkia wa ekzosi, akamwambia msaidizi wake apige stata injini ikiwa bado baridi. Yeye akalala chini na kopo la maji ya sabuni na brashi ya rangi, akapaka kila kiungo. Aliniita nilale pembeni yake nione. Kwenye kiraka cha mkebe mapovu yalitoka, hilo nililitarajia. Lakini mbele, pale paipu inapofungwa kwenye manifoldi, chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, mapovu hayakuwahi hata kukaa. Yalipeperushwa yakirushwa pembeni, na chuma kilichozunguka pale kilikuwa cheusi kwa masizi. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kiungo, ilikuwa imeungua upande mmoja, na stadi moja, boliti isiyo na kichwa, imekatika.

Hapo ndipo moshi ulipokuwa ukitoka kabla ya kufika popote, ukapita chini ya sakafu na kupanda kwa lile tundu. Ndani ya moshi wa petroli mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikaikalia nafasi yake, na mtu huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu kabla ya mabaya zaidi. Gari likienda, upepo wa madirishani husaidia. Likisimama foleni na injini yanguruma taratibu, kabureta yatia petroli nyingi kuliko hewa, hapo gesi huwa nyingi na upepo haupo. Mama alikuwa akikaa juu yake.

"Hizo pesa zako," mzee akasema akijifuta mikono, "nyingi zitakwenda mahali usipopaona. Wakubali?"

Nilikubali. Ile habari ya paipu nene sikuitaja tena, ila yeye mwenyewe aliirudia, kwa sababu aliona nilikuja na shida ya kweli ya kupanda pale ferini. Alinieleza kwamba moshi wapenda kupita mbio. Kila silinda ikitema, ule moshi uliotangulia ukiwa na kasi huvuta unaofuata, na injini hupumua vizuri hata ikiwa pole. Ukiitia injini ndogo paipu kubwa mno, moshi hupoa, hulegea, na nguvu inayopotea ni ile ile ya chini, ya gia ya kwanza, unayoihitaji ukiwa na masufuria kwenye mlima wa feri. Watu husema injini yahitaji kuzuiwa moshi ndipo ivute. Mzee alisema si kuzuiwa, ni kasi. Kwa 4K alitaka inchi moja na robo tatu, iliyonyooka kadiri gari linavyoruhusu.

Sailensa tuliitafuta mimi na msaidizi wake kwenye viwanja vya vyuma chakavu. Nilikuwa nimebeba sumaku, nikitafuta stenlesi, chuma kisicholiwa na kutu upesi, na nikiamini haishikwi na sumaku. Yule msaidizi akanirekebisha: stenlesi nyingi inayotengenezewa ekzosi za magari hushikwa vizuri tu, maana haina nikeli ya kutosha kama ile ya vijiko. Yeye alitazama kutu. Chuma cha kawaida huchubuka kwa magamba. Stenlesi ya ekzosi hugeuka kahawia kwa juu na kubaki ngumu. Aligonga, akasikiliza mlio, kisha akaitikisa karibu na sikio kusikia kama kuta za ndani zimeachana. Alikataa nyingi. Tuliyoipata ilitoka kwenye gari lililoletwa kutoka Japani, ndogo, pana kidogo kuliko yetu, na tuliinunua kwa shilingi 1,200.

Yule msaidizi alitaka tumalizie na paipu ya maji ya mabati, kwa kuwa haishiki kutu na ilikuwa rahisi. Mzee alimkatalia kwa ukali. Ukiichomelea ile, zinki iliyopakwa juu hugeuka moshi mweupe. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa weldi wazidi hapo kwa mbali. Fundi akiuvuta moshi ule, usiku hutetemeka kwa homa. "Wengine hunywa maziwa," mzee alisema. "Maziwa yaenda tumboni, moshi waenda kifuani." Tukanunua paipu ya chuma cheusi.

Stadi iliyokatika ilichukua nusu ya asubuhi, na sikuona pale pa kuharakisha. Alikipasha moto kile kisiki kwa gesi mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe kidogo, akakigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi za boliti. Akarudia, akarudia tena, kisha akakishika kwa koleo na kukizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka kikatoka kizima. Aliweka stadi mpya kwa nati za shaba, kwa kuwa shaba haigandi na chuma, na fundi atakayekuja baadaye hatateseka.

Halafu ikaja kupinda paipu, na hii ningependa kila mtu aione. Mashine ya kupindia hakuwa nayo. Ukipinda paipu tupu hubonyea pale kwenye kona, njia ya moshi ikawa nyembamba, na hapo umeharibu kasi yote uliyoilipia. Kwa hivyo aliijaza mchanga. Kwanza mchanga ulichekechwa, ukakaangwa kwenye karai kama wa muuza njugu, mpaka haukutoa mvuke hata kidogo. Alinieleza kwamba unyevu ukibaki ndani ya paipu iliyozibwa pande zote mbili, mvuke utakirusha kizibo usoni mwa mtu. Akaumimina kidogo kidogo huku msaidizi akigongagonga paipu kwa mti ili ushikamane, akapiga kizibo cha mbao. Kisha gesi. Hakupasha mahali pamoja. Moto ulitembea kwenye kona yote mpaka rangi ya chungwa ikaenea sawasawa, naye akaivuta paipu taratibu dhidi ya nguzo ya chuma, akisimama kila mara kuilinganisha na waya aliokuwa ameupinda chini ya gari kupata mkunjo wenyewe. Mchanga ulipomwagwa, nilichungulia ndani. Ilikuwa duara kutoka mwanzo hadi mwisho.

Vipande havikuchomelewa vyote pamoja. Kati ya paipu na sailensa alitia flenji, yaani visahani viwili vya chuma vinavyobanana, na boliti, ili sailensa ikifa ifunguliwe peke yake. Mkia aliutoa nje kabisa ya bampa, kwa sababu gari likienda hewa hujikunja nyuma yake, na moshi unaoishia chini ya buti hurudi ndani. Mahali pa chini kabisa pa sailensa alitoboa tundu dogo la milimita tatu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na kwa safari fupi kama zetu, Likoni mpaka Mji wa Kale, sailensa haipati moto wa kuyakausha. Hukaa humo na kuila kutoka ndani, na ndiyo sababu ile ya zamani ilikuwa unga. Kizibo cha sakafu kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote na mzee alikifunga mwenyewe, akakibonyeza kwa kisigino.

Malipo yote, ufundi ndani yake, yalifika shilingi 5,850. Zilizobaki alizitumia kwa gasketi ya kabureta na kuirekebisha ile miungurumo ya injini gari likisimama.

Yule kijana wa maskani alisikitika kuona gari limenyamaza. Aliniambia nimetupa pesa. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zilikuwa zimekwisha kutoka tangu 2009, lakini sikumtajia sheria. Nilimwambia kwamba Mama hupita vichochoro vya Mji wa Kale kabla ya alfajiri, kuna wagonjwa na watoto wachanga nyuma ya kila dirisha, na usingizi wao si wetu kuuchukua. Bado nasema hivyo kwa kila anayekata sailensa.

Shughuli ya kwanza baada ya hapo ilikuwa harusi Majengo, na maji yalikuwa yamepwa ya bamvua. Tulipanda kutoka kwenye feri kwa gia ya kwanza, mzigo mzima nyuma, na DX haikukohoa. Foleni kabla yake ilikuwa ndefu kama kawaida. Mama aliimaliza akinipangia kazi: nani ataleta nazi, kwa nini vitunguu vya Kongowea wiki ile havifai, na kwamba bei ya mchele wa Pishori imempandisha presha. Sikumkatiza.

Sailensa ile ya Japani ilikufa miaka michache baadaye. Niliifungua mwenyewe uani kwa spana mbili, nikafunga nyingine kwenye flenji ile ile, bila weldi. Paipu ya mbele, ile iliyopindwa kwa mchanga, ilikuwa bado nzima siku tulipoliuza gari.