Saa za Kazi za Mwajiriwa Mpya
Katika kazi yangu mpya ya ukarani wa hesabu hapa Dar es Salaam, mwisho wa mwezi ndio unaonielemea, kwani mishahara, ankara na kufunga vitabu huja kwa pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada, ambazo hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne, hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mgeni kazini huona haya kuyataja hayo (nami pia). Hata hivyo huandika saa zangu daftarini kila jioni, na msimamizi aniongezeapo jukumu, humwomba kwa adabu aniambie lipi litangulie.