Nilivyofanya mradi wa kuuhuisha mtaa bila kubomoa nyumba hata moja

Wanagenzi wa usanifu majengo tunaishi maisha mawili. Sehemu kubwa ya wiki tuko ofisini, tunachora milango, vyoo na ngazi za majengo ya wateja chini ya uangalizi wa msanifu aliyesajiliwa. Muda unaobaki ni wa chuo, na huko tunatakiwa tuje na mawazo makubwa. Mwanafunzi asiye na ajira anaweza kukesha studio wiki nzima akitengeneza modeli. Mimi kesho yake asubuhi nina kazi ya mteja, na mteja hajui kwamba nina mradi.

Mradi wa mwaka ule ulihusu mtaa wa zamani katikati ya jiji. Ulikuwa na majengo mawili marefu ya ghorofa nne yanayotazamana, hayana lifti, na katikati yake kuna ua uliogeuka dimbwi kila mvua inaponyesha. Mwisho wa ua kulikuwa na ghala lisilotumika. Tulitakiwa kupendekeza namna ya kuuhuisha mtaa pamoja na watu wake, basi. Wenzangu wengi walianza kwa kufuta. Plani zao za kwanza zilikuwa karatasi nyeupe yenye mnara mmoja au miwili, bustani, na vivuli vya watu wanaotembea na mbwa.

Niliamua mapema kwamba sibomoi kitu. Sababu moja ilikuwa ya kivivu kidogo: jengo jipya lenye makazi ya watu wengi hivyo ningelichora juujuu tu kwa muda niliokuwa nao, na ofisini nimeshajifunza kuona aibu kwa mchoro wa juujuu. Sababu ya pili ilitoka kwa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wasanifu majengo wa Ufaransa. Mwaka 1996 jiji la Bordeaux liliwapa kazi ya kupendezesha uwanja mdogo uitwao Place Léon Aucoc. Wakaenda, wakakaa, wakazungumza na wakazi, kisha wakajibu kwamba uwanja ulikuwa mzuri tayari na kilichohitajika ni kuutunza: kokoto mpya, kuihudumia miti, kusafisha mara kwa mara. Miaka mingi baadaye, katika jiji hilohilo, wao na wenzao Frédéric Druot na Christophe Hutin walikarabati majengo matatu ya Grand Parc yenye makazi 530. Kila makazi yaliongezewa chumba chepesi cha vioo na roshani upande wa nje, na wakazi hawakuhamishwa. Mwaka 2021 Lacaton na Vassal walipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kutobomoa ni kukwepa usanifu, nilikuwa na pa kusimamia.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kupima, na hapa ndipo unagenzi uliponibeba. Fundi mmoja wa saiti alikuwa amenionyesha namna ya kuchukua usawa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Mtu mmoja anashika ncha hii ukutani, mwingine anakwenda na ncha ya pili hadi mwisho wa ua. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja. Unatia alama kwa penseli, kisha unapima kwa tepu kutoka alama hadi chini. Hakuna betri wala skrini. Sharti ni moja tu, mpira usiwe na povu la hewa ndani. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini alinishikia ncha ya pili, na kwa kuwa kazi ile ni ya kusubiri, tulizungumza sana.

Vipimo vilitoa jibu ambalo hakuna picha ya angani ingelitoa. Mfuniko wa chemba ya maji ya mvua ulikuwa juu ya kizingiti cha mlango wa mzee yule kwa sentimita 11. Yaani maji yalitakiwa yapande ili yatoke. Mzee hakushangaa. "Kila wakija kukarabati wanamwaga zege jipya juu ya la zamani, kijana wangu," aliniambia. "Mlango wangu haujashuka, ua ndio umepanda." Nikaenda kwenye ukingo uliovunjika nikaziona tabaka zenyewe, moja juu ya nyingine, kila moja na rangi yake. Nilizichora kwa kipimo cha 1:5, yaani sentimita moja ya karatasi ni tano za pale uani, na mchoro ule mdogo ukawa ukurasa wa kwanza wa mradi wangu.

Kuhusu kuwasikiliza wakazi, nina msimamo wangu. Swali la "mnataka nini?" halifai. Ukiliuliza unajibiwa usalama, usafi na maegesho, majibu ambayo ungeyaandika hata bila kutoka nyumbani. Mimi niliuliza: jana ulipita wapi? Nilibeba plani ya ua, na juu yake karatasi inayopitisha mwanga. Kila mtu akachora njia yake, nami nikaandika saa pembeni. Karatasi zikiwekwa pamoja unaona mistari inavyokaza sehemu fulani na kukosekana sehemu nyingine. Karibu na ghala hakukuwa na mstari wowote, isipokuwa wa watoto. Mistari ilikaza zaidi ndani ya ngazi, mahali ambapo sikutarajia mtu akae.

Nilikwenda kuangalia. Kwenye kile kisakafu cha kati, pale ngazi zinapokata kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kulikuwa na ndoo iliyofunikwa kifuniko. Nikadhani imesahauliwa. Baadaye mama mmoja akapanda na mizigo yake, akaitua, akaikalia ile ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kupima?"

"Ndiyo mama. Ni mradi wa chuo, lakini. Hakuna fedha, na sina uwezo wa kujenga chochote."

"Umesema vizuri kuniambia. Basi andika hivi: lifti mkiweka, sawa. Msipoweka, niwekeeni pa kukaa."

Maneno ya "ni mradi wa chuo" niliyarudia kwa kila mtu kabla sijafungua karatasi. Mitaa ya aina hii imeshapitiwa na watu wengi wenye kamera na tabasamu. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi ya vidato vinane, kuanzia kuchezewa akili hadi wananchi kushika hatamu wenyewe. Kuombwa maoni ni kidato cha nne tu, na yeye alikihesabu miongoni mwa vile vya kujionyesha. Kwa maoni yangu mradi wa mwanafunzi hauwezi kupanda juu ya hapo bila kudanganya, kwa sababu hatuna uamuzi wowote wa kugawana na wakazi. Tulicho nacho ni muda na uwezo wa kuchora. Basi niliahidi kitu kimoja kilichokuwa mikononi mwangu: nikimaliza, kamati ya wakazi itapata nakala ya vipimo vyote.

Usanifu wenyewe ulitoka kwenye ile ndoo. Nilitoa kisakafu cha kati nje ya ukuta kwa mita moja na nusu, nikakiwekea kibaraza cha kukalia na dirisha linalotazama ua. Nilichora pia ngazi upya. Kanuni ya zamani, inayohusishwa na Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, inasema kimo cha vidato viwili ukijumlisha na upana wa kidato kimoja upate takriban sentimita 63. Ngazi za pale zilikuwa na kimo cha sentimita 20 na upana wa 24. Zilitimiza kanuni kwa shida na bado zilichosha magoti, kwa kuwa kanuni haijui umri wa anayepanda. Nilishusha kimo hadi 16.5 na kupanua kidato hadi 30. Ngazi ikarefuka, na urefu ule ndio ulionilazimisha kutoka nje ya ukuta. Mtu anayeangalia mchoro anadhani nilitafuta umbo. Umbo lilikuwa deni la hesabu.

Roshani nilizoongeza nje ya makazi niliziweka kwenye fremu inayojitegemea, yenye msingi wake, imeegeshwa tu kwenye jengo la zamani. Grand Parc walifanya hivyo ili jengo la zamani lisibebeshwe mzigo mpya. Mhandisi tunayefanya naye kazi ofisini alinipa dakika chache wakati wa mapumziko, akaniuliza swali moja: msingi mpya ukididimia kidogo na wa zamani ukabaki palepale, mlango kati yake utafungukaje? Ndipo nikachora kiungo chenye nafasi ya kucheza. Swali kama lile chuoni ningelipata siku ya kuwasilisha, mbele za watu.

Na hapa niseme kuhusu ofisi. Tulikubaliana na msimamizi wangu tangu mwanzo kwamba naruhusiwa kuuliza watu, siruhusiwi kuchukua mafaili. Michoro ya wateja si mali yangu, hata kama mkato wa ukuta (mchoro wa ukuta kana kwamba umekatwa ili ndani yake ionekane) ninaouhitaji uko folda ya jirani. Kila kitu nilikichora upya.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuupanga mradi kwa awamu, na kila awamu isimame peke yake fedha zikiishia hapo. Maji kwanza: kuondoa tabaka za zege, kushusha chemba, kuupa ua mteremko. Pili ngazi, tatu roshani, na ghala mwisho kabisa, likiwa karakana yenye paa lilelile. Katika kuamua kipi kitangulie nilimfuata msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental, ambao mwaka 2004 walijenga nyumba za Quinta Monroy huko Iquique, Chile. Fedha zilitosha nusu ya nyumba tu, wakajenga nusu ile ambayo familia isingeimudu vizuri peke yake, yenye jiko, bafu, ngazi na kuta za kutenganisha majirani. Iliyobaki waliiacha wazi ili wenyewe waijaze. Roshani zangu nami nikaziacha bila kuta za ndani.

Kwenye ukurasa wa mwisho nilitia jedwali la matunzo: nani anazibua mtaro, kila baada ya muda gani, kwa kifaa gani, na nani analipia. Wenzangu walilicheka. Lakini Pruitt-Igoe, makazi ya umma ya St. Louis, Marekani, ilikuwa na majengo 33; wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1954 na kufikia 1972 yalianza kubomolewa. Matunzo yalitegemea kodi za wapangaji. Jiji lilipopoteza watu, vyumba vikabaki vitupu, kodi zikapungua, na lifti na mabomba vikaharibika bila wa kuvitengeneza. Wengi waliutupia usanifu lawama zote, wakati sehemu kubwa ya balaa ile ilikuwa kwenye hesabu za uendeshaji.

Siku ya kuwasilisha, mmoja wa jopo alitazama michoro yangu ukutani akauliza, "Usanifu uko wapi hapa?" Nilimpeleka kwenye mkato wa ngazi wa 1:20, nikamwonyesha kibaraza, urefu wa goti la mtu aliyekaa, na dirisha ambalo kizingiti chake kinaishia usawa wa macho yake akiwa amekaa. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akanyosha mkono hewani kupima dirisha, akatikisa kichwa kukubali. Wa pili alitaka kujua kwa nini ghala liko mwisho, akasema linastahili zaidi. Sikubaliani naye mpaka leo. Karakana inayoingiliwa na maji haina kazi. Mradi ulipita, na alama za michoro ya kiufundi zilikuwa juu kuliko za dhana, jambo ambalo kwa mwanagenzi si la kushangaza.

Kamati ya wakazi ilipokea vipimo. Usanifu waliutazama kwa heshima, wakaukunja. Mchoro wa chemba na tabaka za zege waliuambatanisha kwenye barua yao kwa idara inayohusika na mitaro, maana kwa mara ya kwanza walikuwa na namba badala ya malalamiko. Bado hawajajibiwa. Sasa wanataka na paa la ghala lipimwe. Nimewashauri waiandikie kozi moja kwa moja, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufanya zoezi la kupima jengo kila mwaka, na paa lile lina kenchi za mbao za kutosha kuwafundisha wote.