Karakana tano, kitanda kimoja

Mteja alikuwa na hosteli ya wanafunzi Tudor, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Alitaka vitanda 120 vya dabodeka kabla muhula haujafunguliwa, na alinipa wiki tano. Karakana yangu iko Changamwe: mashine mbili za kuchomelea, mimi na vijana watatu. Tukijikaza tunatoa vitanda viwili kwa siku. Kazi ya siku 60, na mimi nina siku 30.

Kazi kubwa kama hiyo niliwahi kuikubali peke yangu, nikawa nampiga mteja kalenda hadi akachoka nami. Safari hii nilimwambia ukweli: peke yangu siwezi, lakini mafundi wanaoweza nawajua, na lawama zote zije kwangu. Akakubali kwa sharti moja. Ankara iwe moja, na mtu wa kuulizwa awe mmoja.

Tukakutana watano uani kwangu baada ya alasiri: mchomeleaji wa Mikindani, mchomeleaji wa Likoni, seremala mmoja mzee wa Magongo ambaye sote twamwita Ami, na dada mmoja wa Majengo anayeshona reksini. Hakuna aliyekuwa mwajiri wa mwenzake. Kila mmoja ana wateja wake, madeni yake na vijana wake wa kulisha.

Fundi wa Mikindani alitaka sisi wachomeleaji watatu tugawane vitanda 40 kila mtu, kila mmoja aje na vyake vikiwa vimekamilika. Nilikataa, na hadi leo naona nilikuwa sahihi. Vitanda vya hosteli hufunguliwa na kuhamishwa kila mwaka. Ubavu wa kitanda cha chumba hiki lazima uingie kwenye kichwa cha kitanda cha chumba kile, la sivyo mteja amenunua vyuma chakavu. Tena mtu anayerudia kitu kimoja kutwa, mkono wake hupata kasi. Basi tukagawana sehemu: mimi vichwa 240, Mikindani mbavu 480, Likoni ngazi 120, Ami chaga 1,920, dada foronya za reksini 240 za magodoro. Likoni tulimpa ngazi kwa sababu ni nyepesi. Mbavu ndefu kuzivusha kwa feri kila siku ni gharama na usumbufu.

Chuma tulikinunua kwa pamoja Shimanzi, na hapo faida ya umoja ilionekana siku ile ile. Tyubu ya mraba huja na urefu wa mita 6. Ubavu wetu ulikuwa milimita 1,900, kwa hiyo kila tyubu hutoa mbavu tatu, na ukitoa kinacholiwa na diski, hubaki kipande cha sentimita 29 hivi. Peke yangu ningekitupa kwenye lundo. Lakini kidato cha ngazi kilihitaji sentimita 28. Tyubu 160 za mbavu zikatupa vipande 160, theluthi nzima ya vidato vyote, bila kununua chuma kingine.

Kisha tukaunganisha vitanda kumi vya kwanza, na hapo furaha ikakatika.

Kwenye vitanda sita bolti hazikuingia. Matundu yalipishana milimita tatu, nne. Chaga za Ami nazo zilikuwa pana kuliko nafasi, akazipiga nyundo mpaka moja ikapasuka. Mikindani akasema vichwa vyangu vimepinda. Mimi nikasema mbavu zake fupi. Dada wa Majengo, ambaye kazi yake haikuwa na kasoro yoyote, ndiye aliyetuuliza: "Ndugu zangu, nyinyi mwapima na nini?"

Tukazitandaza tepu zetu juu ya ubavu mmoja. Hakuna mbili zilizosoma sawa. Kile kindoano cha ncha ya tepu kimewekwa kicheze kidogo, kiasi cha unene wake, ili ukisukuma au ukivuta upate kipimo kile kile. Tepu iliyoangushwa sakafuni mara mia kindoano chake kimepinda au kimelegea, na kila fundi ameshazoea uongo wa tepu yake. Ukifanya kazi peke yako uongo huo haukudhuru, kwa sababu kitanda chote umekipima kwa uongo mmoja. Ukifanya na wenzako, unawaharibia wote.

Sababu ya pili ilikuwa yangu. Chuma kikichomelewa hupanuka kwa joto, na kikipoa hunywea na kuvuta upande wenye mshono. Nilikuwa nachomelea kona moja mpaka mwisho kabla ya kuhamia nyingine, kwa haraka, na vichwa vilikuwa vimebana kwa milimita kadhaa. Ndiyo maana chaga za Ami zilikwama.

Tukasimamisha kazi siku mbili. Vijana walinung'unika, lakini sijawahi kutumia siku mbili vizuri zaidi ya zile. Nilikata fimbo moja ya chuma ya milimita 1,900 kamili, tukaiita Mama. Kutoka kwake nikatengeneza jigi, yaani fremu nzito ambayo vipande hulazwa ndani, vikabanwa, vikatobolewa na kuchomelewa bila kusogea. Jigi moja ikaenda Mikindani, moja Likoni, moja ikabaki kwangu. Ami nikampelekea fimbo fupi ya urefu wa chaga. Tepu zikapigwa marufuku katika kazi ile. Vichwa nikaanza kuvishika kwa nukta ndogo za kuchomelea kwenye kona zote nne kwanza, kisha kumalizia kwa kupishanisha kona zinazotazamana, na kuviacha vipoe humo humo ndani ya jigi.

Jambo jingine nililichukua kwa jirani. Hapa Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa 1963, ulioko barabara ya Port Reitz, kila mchongaji ana namba yake kwenye kinyago chake. Tukafanya hivyo: kila sehemu ikagongwa namba ya karakana. Na sheria ikawa kwamba anayepokea akague siku ile ile. Akishapokea bila kukagua, kasoro ni yake. Ngazi za kwanza kutoka Likoni zilifika na kutu, maana chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwenye hewa ya chumvi ya pwani, asubuhi kimeshabadilika rangi. Nilizirudisha. Alikasirika, tukanyamaziana siku nzima. Tangu hapo alipaka rangi ya msingi kabla jua halijatua, na hakuna ngazi nyingine iliyorudi.

Pesa sitaificha, kwa sababu nimeona vikundi vingi vikifia hapo. Amana ya mteja iliingia akaunti ya peke yake, na haikutoka bila sahihi za watu watatu. Kila mmoja aliandika gharama zake kwenye daftari moja mbele ya wenzake: vifaa, ujira, umeme, usafiri, faida. Kusoma bei yangu ya ndani mbele ya mchomeleaji tunayegombea wateja mtaani kulinitoa jasho. Mimi nilipewa asilimia tano juu, kwa kubeba ankara na lawama. Kubeba ankara si mzaha: tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikuhesabii gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo fundi wa Likoni ilimbidi ajisajili ndipo nimlipe. Alfajiri moja tulikaa na simu yake mpaka ikakubali.

Baadaye nilisoma kuhusu Prato, mji wa nguo huko Italia. Mmoja husokota uzi, mwingine hufuma, mwingine hutia rangi, kila mtu na karakana yake. Kati yao kuna mtu wanayemwita impannatore, ambaye hutafuta oda na kuigawa kwa wenye mashine, yeye mwenyewe aghalabu hana mashine. Nilifurahi mno kujua kuwa kazi hiyo ina jina. Ila nadhani ilinifaa kuwa na mashine. Nilipoungama kosa la vichwa vyangu, wenzangu walinisikiliza kwa sababu na mimi nilikuwa na masizi mikononi.

Vitanda 118 vilifika Tudor kwa wakati. Viwili vilichelewa siku tatu kwa sababu reksini ya rangi ile iliisha, na mteja alivumilia.

Sasa hivi fundi wa Likoni amepata oda ya madawati ya shule moja ya upande wake. Ankara ni yake, asilimia tano ni zake, na mimi nimepewa miguu. Jana alivuka feri na fimbo ya chuma imefungwa kwenye gunia, Mama wa madawati, akaniachia mezani na kuniambia, "Kaka, tepu weka kabatini." Miguu 40 ya kwanza anaitaka Ijumaa.