Hakuna cha kuwaka

Jana jioni pale Nzuguni bodaboda ilikohoa mara mbili, ikazima. Kijana wala hakushtuka. Akaitikisa, akatega sikio kwenye tangi, kisha akailaza ubavu ili matone ya mwisho yaingie kwenye kabureta. "Tutafika tu, mama." Mimi nilikuwa nimeshashika njia kwa miguu. Nyumbani wanangu walinicheka, vumbi hadi magotini. Wao hawakuwapo Bahi.

Enzi zile za kazi ya chanjo. Abiria wanne na rubani, Cessna ya injini moja, Tabora na kurudi siku hiyohiyo. Asubuhi tulikwenda upesi, upepo wa kusini-mashariki ukitusukuma mgongoni. Alasiri upepo uleule ukawa usoni. Kule tulikotua hatukupata petroli ya ndege ndogo. Ya ndege kubwa ni ndugu wa mafuta ya taa, na injini kama ile haiyataki. Rubani akasema iliyobaki inatosha. Baadaye nilielezwa kuwa mishale ya mafuta kwenye ndege ndogo si ya kuaminiwa sana, ndiyo maana rubani hupanda kwenye bawa na kijiti, akachovya tangini. Sikumwona akipanda.

Nilikaa mbele, kando yake. Tukiwa juu ya vichaka vya Itigi niliona mishale yote miwili imelala. Nikageuza uso, nikatazama dirishani.

Tulipoipita Manyoni injini ikakohoa. Akageuza swichi kwenda tangi la pili. Ikaamka, ikanguruma dakika moja hivi, ikafa.

Watu hudhani ndege ikizima hudondoka kama jiwe. Haidondoki, inateleza. Kilichonitisha ni ukimya. Upepo ulipiga mluzi kwenye upenyo wa mlango, panga boi likizunguka kivivu, na nyuma yangu dada mmoja akisali rozari, kila neno nikilisikia. Kalamu ya rubani ikabingirika ikaniangukia mapajani. Nikaiokota, nikairudisha mahali pake, taratibu, kana kwamba ataihitaji. "Funguaneni mikanda? Hapana, kazeni," alisema, ulimi umemteleza. "Mlango uachie wazi kidogo. Bodi ikijikunja hautafunguka." Nikausukuma. Ikaingia hewa ya moto yenye harufu ya mavi ya ng'ombe.

Ilikuwa kiangazi, mbuga ya Bahi imekauka, udongo mweusi umepasukapasuka. Gurudumu la mbele likanasa kwenye ufa, likakatika, pua ikachimba chini. Mmoja wetu alivunjika mkono, mimi nilipasuka mdomo. Tukatimua mbio tukijua italipuka. Rubani alikuja nyuma akitembea, kofia mkononi.

"Msikimbie," alisema. "Hakuna cha kuwaka."

Mzee mmoja mfugaji alitufikia na fimbo yake. "Mbukwenyi." Akalizunguka bawa, akauliza limetokea nini. Akaambiwa mafuta yameisha. Akafikiri kidogo. "Kwani hamkujua mnakokwenda ni mbali?" Hakuna aliyemjibu.

Wachunguzi walipokuja waliniuliza kama niliona lolote, kwa kuwa nilikaa mbele. Nikasema mimi muuguzi, vipimo vya ndege sivijui. Waliandika hivyo. Kipimajoto cha kasha la chanjo nilikuwa nimekisoma mara tatu siku hiyo, na kila mara nikaandika daftarini.